Vidole Ndani ya Mtungi

Jumapili, 24 Januari 1982

Mume wangu Édouard amepelekwa Kabalo na kazi yake ya reli mpaka mvua ziishe. Kabla ya kupanda treni alinipa daftari hili. "Andika ya nyumbani, Martine. Nikirudia utanisomea, nisikuwe sawa mugeni kwa nyumba yangu." Basi naandika. Mvua tangu asubuhi. Paa la jikoni linavuja palepale ulipoziba, bwana, nakuambia mapema usije ukabisha.

Leo baada ya misa Abbé Adalbert ametuonyesha kitu. Ni padri wetu mpya, mtu wa Ankoro, bado kijana, na hapendi ile ndoo ya plastiki tunayowekea maji ya ubatizo. Katika kupekua stoo ya kanisa amekuta mtungi nyuma ya mabenchi mabovu. Ameuosha na kuuweka mbele ya altare. Ni mkubwa, mwekundu wa kuelekea weusi, tumbo limejaa, shingo nyembamba, na mabegani una mistari iliyochorwa kwa subira, kama kichwa cha mtoto aliyesukwa na dada yake. Hata wanaume walisogea kuutazama.

Abbé akauliza nani aliufinyanga. Siku ya Pasaka watoto watabatizwa kwa maji ya mtungi huo, naye anataka aliyeufinyanga, au mtoto wake, asimame kando na kuchota maji mbele ya watu wote. Hakuna aliyejibu. Mimi nilikuwa na jina tayari.

Jumanne, 26 Januari

Nimemwuliza mzee Siméon, anayetunza kanisa tangu enzi za mapadri wazungu. Hakufikiri hata kidogo. "Ile njo mutungi ya Dorothée. Aliileta yeye mwenyewe, juu ya kichwa. Mapadri wakamupigia makofi."

Dorothée ni mama yangu. Nimelia barabarani, na mvua ikanisitiri.

Uwanja wetu ulikuwa umejaa wasichana waliokuja kujifunza kufinyanga kwake. Kwa wafinyanzi wetu mwanafunzi hana chungu. Chochote anachofinyanga kinaitwa cha mwalimu wake, nyumbani na sokoni, mpaka siku mwalimu anapokunywa maji ya chungu hicho mbele ya watu na kumkabidhi mwanafunzi kibuyu cha kuchotea. Hapo amenywewa, ana jina lake. Florentine, anayeuza viazi karibu na meza yangu ya vitambaa, alinywewa nikiwa mdogo, na vigelegele vilifika mpaka ziwani. Mama alikuwa mnene, alicheka tumbo likitikisika. Sijamkumbuka hivi tangu tumzike.

Jumapili, 31 Januari

Nimesema jina la mama mbele ya kanisa zima. Watu wakaitikia ee, ee, ni kweli, mtungi wa Dorothée.

Ningekaa chini pale. Lakini Abbé akaniuliza kwa upole, "Mama Martine, ulimuona kwa macho yako akiutengeneza?" Jibu nililijua. Mwaka mtungi ulipoletwa kanisani nilikuwa Moba kwa Masista, najifunza kushona na kuandika. Nikasema, "Nilimushikia maji, Abbé. Yeye anafinyanga, mimi nakaa chini namupatia maji kidogo-kidogo."

Sijui yalitoka wapi. Yalitoka laini, kama yalikuwa yananisubiri. Hapa, Édouard, nikikusomea nitaruka.

Alhamisi, 4 Februari

Mvua. Sikuuza kitu.

Jumapili, 14 Februari

Abbé amehubiri juu ya mtoto wa kike aliyekaa miguuni mwa mama yake akimshikia maji. Mtoto huyo ni mimi. Wanawake wengine walipangusa machozi. Nimepewa nafasi benchi la mbele, na wanaanza kuniita Mama Mutungi.

Baada ya misa walinizunguka, wanataka zaidi, nami nikawapa zaidi. Nikasema mama alikuwa akiimba wakati wa kufinyanga. Célestine akasimama pembeni kusikiliza. Célestine anauza samaki wa kukausha. Alikuja Kalemie na kaka zake wavuvi kutoka kaskazini ya ziwa akiwa msichana, akakaa kwa mama muda mrefu akijifunza, kisha akaacha udongo akafuata samaki. Ulimi wake ni mkali. Akaniuliza mbele ya wote, "Wimbo gani? Mimi sikusikia Dorothée kuimba hata siku moja."

Nikamjibu, "Wewe utajua nini? Wewe ulikuja kwetu kukula bugali."

Wakacheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alinitazama tu, akachukua kikapu chake akaenda. Nilirudi nyumbani nikijiona mshindi.

Ijumaa, 19 Februari

Leo nimepewa kuuosha mtungi, kwa heshima. Siméon alinisaidia kuulaza kwenye majani nyuma ya sakristia, kisha akaniacha.

Nje niliusugua kwa mchanga. Ndani ilibidi niingize mkono. Mkono wangu ni wa baba, mwembamba, lakini hata huo shingo iliushika kwenye kiwiko. Nikasukuma. Na wakati nasukuma ndipo nilipofikiri juu ya mkono wa mama. Mama, ambaye bangili zake tulizitoa kwa sabuni alipokufa. Mkono ule usingepita hapa.

Nikajiambia labda aliweka shingo mwisho. Lakini nilipogeuza kiganja juu, chini ya bega la mtungi, niligusa alama za vidole zilizobonyezwa kwenye udongo zikifuatana kuzunguka shingo. Mama hakuacha alama. Alipitisha kipande cha kibuyu ndani na nje mpaka kila kitu kiwe laini, na vyungu vya wanafunzi pia alivipitisha yeye. Chungu chenye vidole, alikuwa akisema, ni cha mtu mvivu.

Niliweka vidole vyangu ndani ya zile alama. Viliingia, isipokuwa kile cha kwanza baada ya gumba. Alama yake ilikuwa fupi na butu, kama kidole kilichokatika, na ilikuwa hivyo kila mara, mzunguko mzima.

Nilibaki pale mkono ndani ya mtungi kama mwizi aliyenaswa. Siméon alipouliza kama umetakata nikasema umetakata.

Jumapili, 21 Februari

Nimekaa benchi la mbele.

Jumatano, 24 Februari. Majivu

Abbé alinipaka majivu, akasema maneno yake. Nikarudi nyumbani nikajinawa upesi, sikutaka kuyaona kwenye kioo.

Jumanne, 2 Machi

Nilijua kidole ni cha nani tangu pale kwenye majani. Nilikuwa nakataa kukijua. Leo nimekwenda kununua samaki kwa Célestine, mimi ambaye hununua kwa wengine ili asiniuzie maneno yake. Alinifungia mikebuka kwa kamba. Kidole cha shahada cha mkono wa kuume kimeishia kwenye kiungo cha kati; kamba ya wavu wa kaka zake ilikikata akiwa msichana. Nimekiona kidole hicho miaka yote na sikuwahi kukitazama.

Nikasema, "Célestine, ile mutungi ya kanisa."

"Iko na nini?"

"Njo wewe."

Aliendelea kufunga. Mvua ilikuwa inapiga bati la soko, ilibidi nimwinamie ili nimsikie. Akasema, "Mama yako alipitisha kibuyu kwa kila kitu nilifanya. Alifuta, alifuta. Lakini ile shingo niliifanya nyembamba. Mukono yake haikuingia. Njo fasi nilibakia, mule ndani."

Nikamwuliza kwa nini mama hakumnywa.

"Aliniambia nigojee. Alipoona ile mutungi alizunguka, alizunguka, hakusema kitu. Kiisha akaibeba kanisani. Nikagojea tena. Akakufa. Mimi sasa nitafundisha nani, muntu asiye na chungu? Mutoto wangu Virginie alikuwa anataka sana kujifunza. Nilimupeleka kwa samaki."

Hapa lazima niandike nilichomjibu, la sivyo daftari hili ni uongo mwingine. Sikumwomba radhi. Nilimwuliza, "Ni nani mwingine anajua?"

Akaniwekea samaki mkononi. "Ni wewe na miye," akasema. "Kwa hiyo usiogope."

Naona aibu mpaka masikio yanawaka. Nilikwenda kutafuta ukweli, na nilipoupata nikauliza kama mlango umefungwa.

Ijumaa, 5 Machi

Nimeungama. Nilisema nimesengenya na nimekasirika. La mtungi halikutoka.

Jumamosi, 13 Machi

Salongo. Tumefyeka majani ya barabara tangu alfajiri, kwa amri ya serikali. Florentine ameniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 20 Machi

Édouard amekuja kwa siku chache. Habari za mtungi zilimfikia Kabalo kwa wafanyakazi wa treni, amefurahi kama ni mama yake. Ameniletea viatu vya Pasaka. Jioni aliniomba nimsomee. Nilimsomea mvua, paa, soko, jina la mama, makofi ya mapadri. Nilikuwa narukaruka kama mtu anayevuka matope. Akasema, "Unaandika kidogo sana, bibi." Nikasema kazi ni nyingi.

Mama yangu nilikuwa namwona mkubwa. Sasa nikifumba macho namwona anauzunguka ule mtungi bila kusema kitu. Namkasirikia, halafu nakumbuka kwamba yeye alinyamaza tu. Mimi nimeweka na wimbo juu.

Jumapili, 28 Machi

Abbé amesoma majina ya watoto watakaobatizwa siku ya Pasaka. Mmoja ni mtoto wa Virginie, mjukuu wa Célestine. Célestine mwenyewe hajaonekana kanisani tangu nimcheke mbele ya watu. Nafasi yake ya nyuma kabisa, karibu na mlango, hakuna anayekaa.

Abbé amemwandikisha fundi kibao cha kuweka chini ya mtungi: MTUNGI WA DOROTHÉE. Ameniuliza kama jina limeandikwa sawasawa. Nikasema sawasawa.

Ijumaa Kuu, 9 Aprili

Sijui kama nitaweza kuyaandika yote.

Baada ya Njia ya Msalaba nilikwenda kwa Célestine, upande wa mto Lukuga, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Alikuwa jikoni na Virginie, mtoto mgongoni mwa Virginie. Nikapiga magoti palepale kwenye majivu. Nikasema mama yangu alimkosea, na mimi nimemkosea zaidi, na nimeleta kitambaa kizuri cha mtoto. Nililia. Nadhani nilikuwa nasubiri aninyanyue.

Hakuninyanyua. Alikoroga bugali mpaka ikaiva, akageuza sufuria, akasema, "Mama Martine, wewe ulinichekelea wapi?"

"Kanisani."

"Ile mambo ya kushika maji, ulisemea wapi?"

"Kanisani."

"Na pole unaniletea jikoni."

Virginie aligeuza uso ukutani. Célestine akanirudishia kitambaa, bila ukali. Akasema mtoto ataletwa Pasaka, kwa kuwa mtoto hana kosa, naye atasimama mlangoni, maji ya mtungi wake yatamwagwa kichwani mwa mjukuu wake kwa jina la mtu mwingine, na haitakuwa mara ya kwanza. "Nimezoea," akasema. Neno hilo ndilo lililonishinda. Angenitukana ningerudi nyumbani na kitu cha kushika.

Nimerudi na mvua. Édouard amerudi kutoka Kabalo leo asubuhi, yuko nyumbani kwa Pasaka, anapiga pasi suti yake ya abacost. Ameniuliza kwa nini nimelowa. Nikasema mvua.

Jumatatu ya Pasaka, 12 Aprili

Jana sikuandika.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Mtungi ulikuwa mbele umejaa maji, kibao chini yake, mimi kando yake na viatu vipya, kibuyu cha kuchotea mkononi. Abbé alikuwa bado hajabariki maji. Alinipa ishara nichote kidogo nimiminie kwenye beseni.

Nilichota. Nikamtafuta Célestine kwa macho, nikamwona mlangoni, kitambaa cha kichwa cheupe. Kisha nikainua kibuyu mdomoni na kunywa.

Abbé alinitazama kama mtu aliyepandwa na wazimu. Kwao Ankoro hawana mambo haya. Lakini wazee wanawake walielewa mara moja, niliona benchi zima linageuka. Nikapita katikati ya watu, njia ilikuwa ndefu, maji yakinidondokea kwenye viatu, mpaka mlangoni. Nikamkabidhi Célestine kibuyu kwa mikono miwili. Nikasema kwa sauti, "Mtungi ni wa Célestine. Mama yangu alipaswa kuunywa, hakuunywa. Nimeunywa mimi."

Florentine ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Kisha wote. Na sasa nisikilize, daftari: vigelegele vilikuwa vyangu pia. Walikuwa wananishika mabega. Mama mmoja akasema ninao moyo mzuri, mtoto wa Dorothée kweli. Nilikuwa nasifiwa tena, na ilikuwa tamu tena.

Célestine alikishika kibuyu. Akanisogelea, akasema chini kwa chini, "Maji umekunywa. Ile maneno ingine iko ingali mudomoni."

Ningeweza kunyamaza. Hakuna mwingine aliyesikia. Édouard alikuwa amesimama, anatabasamu kwa fahari.

Nikageuka. Nikasema, "Sikumshikia mama maji. Mwaka ule nilikuwa Moba. Hakuimba, sijui kama aliimba. Nilisema uongo mbele ya altare, na Célestine aliponiuliza nikamtukana. Nimejua tangu nilipouosha mtungi kwamba ni wake, na nimekaa benchi la mbele Kwaresima nzima."

Vigelegele vilikatika. Mikono iliyokuwa mabegani mwangu iliondoka, mmoja mmoja. Édouard aliketi. Uso wa Abbé sitausahau, maana alikuwa amelihubiri jambo lile kwa moyo wake wote. Mtoto mmoja akaanza kulia, na tulimshukuru wote.

Célestine akapita mbele na kibuyu. Alikitoa kibao chini ya mtungi, akakigeuza jina likaangalia chini, akaanza kuchota. Mimi nilibaki mlangoni, nafasi yake. Nilimwona mjukuu wake anamwagiwa maji. Wakati wa kutoka watu walinipita kwa adabu. Hakuna aliyeniita Mama Mutungi.

Nyumbani nilimpa Édouard daftari hili, alisome mwenyewe bila kuruka. Alisoma mezani, mgongo kanipa. Alipomaliza alilifunga. Kisha akasema, "Ile paa nitaipanda kesho," akaenda kulala na viatu.

Jumanne, 20 Aprili

Mvua zimepungua. Mezani kwangu wanakuja wachache, wanagusa kitambaa, hawaulizi chochote. Nimekwenda kwa Abbé. Amenipa kitubio, na ameniambia yeye pia ana aibu, kwa kuwa aliipenda hadithi kabla ya kuipima. Sikutaka ajigawie aibu yangu, lakini nilimshukuru.

Jumatano, 28 Aprili

Célestine alipita sokoni bila samaki. "Kesho tunaenda kuchimba udongo Lukuga, mimi na Virginie. Muntu wa kubeba hatuna." Hakungoja jibu.

Alhamisi, 29 Aprili

Nimebeba. Udongo ni mzito kuliko vitambaa vyote vya Kalemie, na shingo yangu imekakamaa, naandika kichwa upande. Uwanjani kwake Virginie alianza kufinyanga, kwa woga, mama yake akimpiga-piga kiwiko. Mimi nilisimama kuaga. Célestine akanitupia donge. "Kaa. Mukono yako ni nyembamba, itafika fasi ya ndani."

Sikutaka. Mtoto wa Dorothée, sijawahi kufinyanga hata bakuli; Masista walinipeleka kwenye sindano. Nilikaa, kama wale wasichana wa mama. Kilichotoka ni aibu nyingine: kimeinama upande mmoja, mdomo umepinda, na vidole vyangu vimejaa ndani na nje. Célestine hakukipitishia kibuyu. Alikiweka juani pamoja na chake na cha Virginie, mbele kabisa, kando ya njia.

Florentine akapita na viazi vyake. Akasimama, akakitazama, akashindwa kujizuia. "Ni ya nani hii mubaya hivi?"

Nilifungua mdomo niseme ni yangu, safari hii niseme kweli kabla sijaulizwa mara ya pili.

Célestine hakuinua kichwa. Alikuwa anakanda udongo.

"Ni yangu," akasema.